Alexander Fleming na Sindano ya Penisilini

Najua wengi wenu mkisikia jina la Alexander Fleming mnakumbuka swali moja tu la Biolojia: nani aligundua penisilini? Unaandika jina, unapata alama yako moja, unaenda swali linalofuata. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Lakini nyumbani kwetu penisilini si swali la mtihani. Dada yangu mdogo hudungwa sindano ya dawa hiyo kila baada ya wiki nne, na ataendelea kudungwa kwa miaka mingi. Alipokuwa darasa la tatu koo lilimuuma siku chache, likapoa lenyewe, tukasahau. Kumbe mambo hayakuwa yamekwisha. Mwili wake, katika kupigana na vile viini vya koo, uliugeukia moyo wake wenyewe. Magoti yakavimba, pumzi ikawa fupi, na daktari alipousikiliza moyo akatuambia kuwa vali moja imeharibika. Sindano zile ni za kuzuia koo lile lisipate viini tena, maana kila mara vinaporudi moyo unazidi kuumia.

Sasa, mwaka mmoja alichoka. Nitarudi kwa habari hiyo. Kwanza tumwone mzee mwenyewe.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba liitwalo Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, upande wa Ayrshire, huko Uskoti. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima aliyeoa tena uzeeni baada ya kufiwa na mke wa kwanza. Mama yake aliitwa Grace. Alexander alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne wa mama huyo, na juu yao walikuwapo watoto wa mke wa kwanza, kwa hivyo nyumba ilikuwa imejaa. Baba alifariki Alexander akiwa na miaka 7 tu. Mama na kaka wakubwa wakaliendesha shamba, watoto wakaenda shule kwa miguu katika nyanda za baridi na upepo. (Sisi tunaolia eti bweni liko mbali na jikoni tunyamaze kidogo.)

Alipotimiza umri wa miaka 13 hivi alifunga virago akaenda London alikoishi kaka yake Tom, ambaye alikuwa daktari. Alisoma kidogo, kisha akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya meli. Miaka minne alikaa pale akinakili barua na kujumlisha hesabu, kazi isiyompa raha hata kidogo. Mwaka wa 1901 ami yake alifariki akamwachia urithi mdogo, na Tom akamshauri autumie kusomea udaktari. Mwaka wa 1903 akaingia chuo cha hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Unajua kwa nini alichagua chuo hicho kati ya vyuo vyote vya London? Kwa sababu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yao! Basi. Na alipomaliza masomo mwaka wa 1906 na kutaka kuwa mpasuaji, ni mchezo tena uliomzuia. Alikuwa mpiga shabaha hodari, na nahodha wa klabu ya bunduki ya hospitali hakutaka timu impoteze. Akamtafutia nafasi katika maabara ya Profesa Almroth Wright, mtu mashuhuri wa chanjo. Fleming akaingia maabara ile kwa ajili ya bunduki, na huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote.

Alikuwa mtu mfupi, mkimya kupita kiasi, mwenye tai ya kipepeo. Watu walimwona kama hana la kusema. Lakini mikono yake ilisema. Mnamo 1910 dawa ya Salvarsan, yenye namba 606, ilikuwa imetoka Ujerumani kwa ajili ya kutibu kaswende. Dawa hiyo ilikuwa na aseniki, yaani sumu, na ilitakiwa iingie kwenye mshipa wa damu sawasawa. Ikimwagika nje ya mshipa, nyama ya mkono iliungua na kuoza. Madaktari wengi waliiogopa. Fleming akajifunza kuidunga mpaka akawa mmoja wa mafundi wa kwanza wa sindano hiyo katika Uingereza. Wenzake wakambandika jina la Askari 606. Naomba ulishike jambo hili, msomaji, kwa sababu wengi hudhani Fleming alikuwa mtu wa kuvu na sahani tu. Yeye alijua tangu ujana wake kwamba dawa moja, ikidungwa pahali panapofaa, inaponya, na ile ile ikidungwa vibaya inaharibu.

Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka, Fleming alipelekwa Boulogne, Ufaransa, ambako jumba la kamari lilikuwa limegeuzwa kuwa hospitali na maabara. Huko aliona mambo ya kutisha. Vijana waliletwa na majeraha yenye udongo na vipande vya nguo ndani, na madaktari wakamwaga dawa kali za kuua viini katika vidonda hivyo wakidhani wanasaidia. Fleming alipima, akaonyesha kuwa katika vidonda virefu dawa zile hazikuvifikia viini vilivyojificha pembeni, bali ziliua chembe nyeupe za damu zilizokuwa zikimlinda mgonjwa. Dawa ilikuwa ikimpiga mwenye nyumba na kumwacha mwizi. Hawakumsikiliza sana. Alirudi nyumbani na swali moja kichwani: je, yaweza kupatikana dawa iuayo viini bila kumdhuru mtu?

Katikati ya vita hivyo, mwaka wa 1915, alikuwa amemwoa Sarah, mwuguzi kutoka Ireland. Wakapata mtoto mmoja wa kiume, Robert.

Jibu lake la kwanza lilitoka puani. Si utani. Akiwa na mafua, mwaka wa 1921, aliweka kamasi zake katika sahani ya viini, akaona viini vinayeyuka. Kitu hicho alikiita lisozimu, na kimo pia katika machozi na katika ute wa yai. Kwa bahati mbaya kiliua viini visivyo na madhara makubwa tu. Lakini jicho la Fleming lilikuwa limekwisha kujua namna viini vinavyoonekana vikifa.

Ndipo tunafika Septemba 1928. Fleming alikuwa amekwenda likizo akaacha sahani zake za kioo zikiwa zimerundikwa kwenye meza ya maabara. Ndani yake alikuwa amepanda stafilokokasi, viini vinavyoleta majipu. Hakuwa mtu wa usafi wa kupindukia, tuseme ukweli. Aliporejea akaanza kuzikagua kabla ya kuziosha, na katika mojawapo akaona kuvu imeota, kama ile inayoota kwenye mkate uliosahauliwa ndani ya sanduku la bwenini. Jambo la ajabu ni kuwa kuzunguka kuvu ile viini vilikuwa vimetoweka. Mwingine angeitupa. Yeye aliihifadhi. Inaaminika kuwa mbegu za kuvu hiyo zilitoka katika maabara ya ghorofa ya chini, alikokuwa mtaalamu wa kuvu akifanya kazi yake.

Aliikuza kuvu ile katika supu, akauchuja ule mchuzi, na kuona kuwa hata ukizimuliwa mara 800 bado ulizuia viini vya majipu visikue. Aliwadunga wanyama wazima nao hawakudhurika. Hizo zilikuwa habari kubwa: hatimaye kitu kinachompiga mwizi na kumwacha mwenye nyumba. Mwaka wa 1929 alikiita penisilini, kutokana na jina la kuvu hiyo, Penicillium, akaandika makala.

Hapa ndipo mimi, kwa heshima zote, namlaumu kidogo mzee wetu. Aliwadunga wanyama wazima, lakini hakumdunga mnyama mgonjwa aone kama atapona. Wasaidizi wake walijaribu kuisafisha ile dawa ikawashinda, maana iliharibika upesi. Basi akaiweka kando, akaendelea kuitumia maabarani kwa shughuli nyingine. Zaidi ya miaka 10 ikapita. Katika miaka hiyo watu waliendelea kufa kwa jipu, kwa kidonda cha wembe, kwa homa ya uzazi.

Waliolimaliza jambo hili walikuwa watu wa Oxford: Howard Florey, mzaliwa wa Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyemkimbia Hitler kutoka Ujerumani, na Norman Heatley, fundi wa kila kitu. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya wanane viini vikali, wakawapa wanne penisilini. Kesho yake asubuhi wanne walikuwa hai, wanne maiti. Walipochapisha habari hizo Fleming alizisoma, akapanda gari la moshi kwenda kuwaona. Chain alishangaa kupita kiasi. Alikuwa akidhani Fleming alikufa zamani!

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya dada yangu inapoingia. Januari 1941 watu wa Oxford walimdunga mtu kwa mara ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa mahututi kwa saratani na aliyekubali kusaidia. Akashikwa na homa na kutetemeka. Dawa ilikuwa bado na uchafu ndani yake. Wakaisafisha zaidi. Februari wakampata polisi aliyeitwa Albert Alexander. Viini vilikuwa vimemla uso, jicho moja limekwisha kung'olewa, usaha umefika mapafuni. Walipoanza kumdunga, ndani ya siku moja tu nafuu ilionekana. Homa ikashuka, akaanza kula. Lakini penisilini ikiingia mwilini ni kama maji katika mtungi uliotoboka, figo huitoa katika mkojo kwa muda wa saa chache. Na duniani kote haikuwapo nyingine. Ikabidi mkojo wa mgonjwa ukusanywe, upelekwe maabarani kwa baiskeli, dawa ikamuliwe humo na kurudishwa adungwe tena. Siku ya tano dawa ikaisha kabisa. Viini vichache vilivyobaki vikazaana upya. Tarehe 15 Machi 1941 polisi yule akaaga dunia.

Hakufa kwa sababu dawa ilishindwa. Alikufa kwa sababu ilikatizwa njiani.

Fleming mwenyewe alilipata somo hilo mwaka uliofuata. Agosti 1942 mtu aliyefahamiana na familia yake alilazwa St Mary's akiwa na homa ya uti wa mgongo, amepoteza fahamu. Fleming akampigia simu Florey, akapewa akiba ndogo iliyokuwapo. Alimdunga kwenye msuli kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Mgonjwa akapata nafuu, kisha homa ikarudi. Wengine wangeongeza tu dawa na kuomba Mungu. Fleming akapima. Alichota maji ya uti wa mgongo akaona kuwa dawa iliyomo ni kidogo mno. Ilikuwa imejaa kwenye damu lakini haifiki viini vilipojificha. Yale yale ya majeraha ya Boulogne! Akaamua kuidunga ndani ya maji ya uti wa mgongo, jambo la hatari ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya na penisilini kwa mtu. Siku chache baadaye mgonjwa alikuwa amekaa kitandani akiongea, na mwezi wa Septemba akaenda kwake akiwa mzima.

Habari hiyo ikamfikisha Fleming kwa waziri, serikali ikaunda kamati, na magazeti yakamfanya shujaa. Florey, ambaye hakupenda waandishi wa habari, akasahauliwa na wengi. Marekani ikaingia katika kutengeneza dawa kwa wingi, na kuvu bora zaidi ilipatikana kwenye tikiti lililooza huko Peoria, jimbo la Illinois. Kufikia Juni 1944, majeshi yalipovuka bahari kuingia Ufaransa, kulikuwa na dozi zaidi ya 2,000,000. Mwaka huo Fleming akapewa cheo cha Sir, na mwaka wa 1945 akagawana Tuzo ya Nobel na Florey na Chain. Ni haki, japo kwa maoni yangu Heatley naye alistahili.

Siku ya kutoa mhadhara wake wa Nobel, Desemba 1945, ulimwengu mzima ulikuwa ukishangilia. Yeye akasimama akaonya. Alieleza kuwa maabarani ni rahisi kuvifanya viini viizoee penisilini. Unavipa dawa kidogo isiyotosha kuviua, basi. Akasimulia mfano wa bwana mmoja wa kubuni, anayeumwa na koo, anajinunulia penisilini, anatumia kidogo isiyoua viini bali inayovifundisha kujikinga. Kisha anamwambukiza mkewe viini hivyo vilivyofundishwa. Mke anapata kichomi, anatibiwa kwa penisilini, dawa haifanyi kazi, anakufa. Na ni nani aliyemuua? Fleming hakuuma maneno: ni yule bwana aliyeichezea dawa.

Hakungoja sana. Kufikia 1948, katika hospitali moja ya London, zaidi ya nusu ya viini vya stafilokokasi vilivyopimwa vilikuwa sugu. Mwaka wa 1949 kikaandikwa kisa cha kwanza cha mtu kufa ghafla kwa mzio wa penisilini. Mzio huo hauji kwa watu wengi, lakini ukija huja kwa dakika: mwili unawasha, midomo na koo vinavimba, pumzi inakatika, mtu anaanguka. Dawa yake ni adrenalini, nayo lazima iwe karibu, si ya kutumiwa mtu akanunue mjini.

Ndiyo sababu mwuguzi anayemdunga dada yangu ana taratibu zake, ambazo zamani ziliniudhi. Kila mara humuuliza kama sindano iliyopita ilimletea vipele au pumzi fupi, ingawa jibu analijua. Sindano na bomba ni vipya, huvifungua mbele yetu, na vikishatumika vinaingia kwenye kisanduku cha manjano, kwa sababu sindano iliyomdunga mtu mwingine inaweza kuleta Ukimwi na ugonjwa wa ini. Hachagui pahali pa kudunga ovyo, maana katika makalio upo mshipa mkubwa wa fahamu, ukiguswa mguu unaweza kupooza. Huvuta bomba nyuma kidogo aone kama kuna damu. Hilo la damu nilimwuliza. Akanieleza kuwa penisilini ya dada ni ile nzito, nyeupe kama maziwa, iliyotengenezwa ikae msulini na kuyeyuka polepole kwa wiki kadhaa, kuziba ule mtungi uliotoboka. Ikiingia katika mshipa wa damu inaweza kuusimamisha moyo. Ile nyepesi ya wagonjwa mahututi wodini huingia mshipani bila taabu, ingawa jina ni moja, penisilini. Akishadunga hutuweka kwenye benchi nusu saa nzima kabla ya kuturuhusu twende.

Nilisema dada alichoka. Sindano ile inauma, jamani, tusidanganyane. Siku mbili anachechemea. Akaanza kutoka nyumbani na kadi, anapita sokoni, anarudi akijifanya kuchechemea. Miezi mitatu alitufanya wajinga! Ukweli ulijulikana usiku mmoja magoti yalipovimba tena, na akawa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Alilazwa wiki tatu. Baba hakumgombeza. Alikaa tu kando ya kitanda akiishika ile kadi, akizihesabu nafasi tupu.

Fleming alifanya kazi mpaka mwisho. Mkewe Sarah alifariki mwaka wa 1949, na mwaka wa 1953 akamwoa Amalia, daktari Mgiriki aliyefanya kazi naye maabarani. Alizunguka nchi nyingi akipewa digrii na medali za heshima, naye aliwagawia wakubwa vipande vya kuvu yake kama zawadi. Tarehe 11 Machi 1955 moyo wake ulisimama akiwa nyumbani kwake London, na majivu yake yakawekwa katika kanisa kuu la St Paul's. Huko Madrid, Uhispania, nje ya uwanja wa kupigana na mafahali, kuna sanamu yake, na mbele yake mpiganaji akimvulia kofia, kwa sababu kabla ya penisilini pembe ya fahali iliua hata pale jeraha lilipokuwa dogo.

Dada nilimsimulia haya yote akiwa bado amelazwa. Akacheka sana kwa mkojo uliopanda baiskeli. Kisha akauliza yule polisi alibakiza siku ngapi apone, nami sikuwa na jibu. Sindano yake inayofuata ni Jumanne ya kwanza ya likizo, saa tatu asubuhi, na amesema nimsindikize.